Uso wa Arsenio Chiguay

Valparaíso, 7 Machi 1993

Mama mpendwa,

Nimefika salama. Njia nzima ndani ya basi nilikumbatia begi langu, mpaka mama mmoja wa kiti cha pili akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema hapana. Nadhani hilo ndilo neno pekee lililonitoka kutoka Puerto Montt mpaka Santiago.

Chumba changu ni kidogo lakini kikavu. Bado sijazoea ukavu. Nikiamka asubuhi nanusa blanketi nikitafuta harufu ya moshi wa jiko letu, na halina harufu yoyote. Mji huu wote uko kwenye ngazi. Mchana nakula mkate wangu nikiwa nimekaa kwenye ngazi hizo, kwa sababu naona haya kuingia peke yangu mahali wanapouza chakula na kuagiza huku watu wananitazama.

Warsha iko kwenye nyumba ya bati juu mlimani. Anayetufundisha anaitwa Bi Fresia Oyanedel, mwanamke mwenye nywele nyeupe fupi kama za mwanamume, anavuta sigara kichwa kikiwa nje ya dirisha. Siku ya kwanza alimuuliza kila mmoja amekuja kutafuta nini. Wenzangu walisema maneno marefu. Zamu yangu ilipofika niliangalia viatu vyangu nikasema, "Nimekuja kujifunza kuchora uso wa baba yangu, Arsenio Chiguay." Bi Fresia akasema, "Haya, kaa." Tukaendelea.

Wiki hii tunachanganya rangi tu. Uso utakuja baadaye.

Sijasahau, Mama. Tarehe kumi na nane Juni itakuwa mwaka mmoja tangu boti ya Baba ipinduke na viazi vyake kwenye mlango wa bahari. Picha ya harusi ililiwa na unyevu, na ile ya kitambulisho alikwenda nayo mfukoni. Nitakuletea uso wake uutundike juu ya mishumaa, ili watu wakija kusali zile siku tisa za kumbukumbu yake wasisali mbele ya ukuta mtupu.

Naomba baraka zako.

Binti yako,
Yasna


Quehui, 25 Machi 1993

Yasna mwanangu,

Barua yako imefika na boti ya Alhamisi. Shangazi yako Uberlinda alinisomea Jumapili baada ya kanisa, maana miwani yangu imepotea na sina haraka ya kuitafuta. Usishangae mistari yangu kupandana. Naandikia jikoni, na mwanga wa jikoni unaujua.

Kula chakula cha moto. Ingia ndani, kaa, sema unachotaka. Hakuna mtu anayekula wasichana huko.

Nimekaa nikifikiri nikuambie nini ili mkono wako usipotee njia. Paji lake lilikuwa pana. Nyusi zake nene, na ule wa kushoto una kovu. Macho madogo, ya kubana, ya mtu aliyezoea kutazama maji yenye jua. Pua ya kawaida. Mdomo wake ulikuwa umefungwa muda mwingi, lakini pembeni kulikuwa na kitu kama anataka kucheka na anasubiri ruhusa. Hicho cha pembeni ndicho ninachokitaka zaidi. Ukipata hicho, mengine hata yakikosea kidogo nitasamehe.

Jirani zetu wameshaanza kuuliza. Don Heriberto, anayetuongozea sala, amesema atatengeneza fremu kwa mbao za msonobari mwekundu, na hataki malipo. Kwa hiyo niambie ukubwa.

Mama yako,
Orfelina

Na mimi Uberlinda naongeza hapa chini wakati mama yako yuko nje na kuku. Pua ya kawaida! Kaka yangu alikuwa na pua ya kuning'inizia koti. Na kovu lilikuwa kulia, nalijua kwa sababu nililiweka mimi mwenyewe kwa jembe la viazi tukiwa watoto. Au kushoto. Nilikuwa nimesimama mbele yake, basi mkono wangu wa kulia… Usijali, binti. Chora nyusi, kovu tutaliweka baadaye.


Valparaíso, 18 Aprili 1993

Shangazi Uberlinda,

Barua hii ni yako peke yako. Tafadhali usimsomee Mama. Nimeipitisha kwa mwenye duka ili uichukue mwenyewe.

Nilikosea, au tulikosea sote, tangu mwanzo. Tulipoona tangazo la warsha ya uchoraji pale shuleni hakuna aliyeuliza ni uchoraji gani. Kwetu mchoraji ni yule wa kanisani, anachora mtakatifu na mtakatifu anafanana na mtu. Hapa hakuna anayechora mtu. Hakuna anayechora hata kikombe. Wanaita uchoraji dhahania. Kuna rangi, na namna rangi moja inavyokaa karibu na nyingine, basi. Siku ile ya kwanza, watu walipotoka, Bi Fresia alinibakiza akasema, "Msichana, mimi sifundishi nyuso. Ukitaka, nitakuandikia jina la mtu anayefundisha." Nami nikasema, "Hapana, nitakaa." Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu niliona haya kubeba begi na kushuka zile ngazi watu wakiniangalia. Ndiyo sababu yote, Shangazi. Haya tu. Halafu nikamwandikia Mama kwamba uso utakuja baadaye.

Namna yetu ya kazi ni hii. Kila mtu ana turubai moja tu, hatupewi nyingine. Kila wiki unapaka rangi juu ya kile ulichofanya wiki iliyopita, unakifunika chote. Kisha unachukua kisu na kukwangua, na unatazama kipi cha chini kinataka kurudi. Wenzangu wanalia kufunika kazi zao. Mimi silii. Huko nyumbani nimewakwangulia Baba na wewe rangi kuukuu za boti nyingi.

Kuna mzee mmoja, don Aliro, alikuwa karani wa benki mjini Rancagua. Ananitania tangu siku ya kwanza. "Wewe wa kisiwani! Leo umetuchorea kiazi gani?" Wote wanacheka, na mimi naungua masikio. Wiki iliyopita alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu, nikasubiri kiazi changu. Akasema polepole, "Unakwangua kama mtu aliyepoteza pete." Tangu siku hiyo ananigawia machungwa yake.

Nimejaribu uso, Shangazi, chumbani kwangu, kwa penseli. Nilifuata kila alichosema Mama. Paji, nyusi, macho ya kubana. Akatoka mtu nisiyemjua. Nikaacha maneno ya Mama nikataka kumkumbuka mwenyewe. Nilipata sikio, na kofia ya sufu, na shingo ilivyokuwa na mikunjo, na sauti ya kukohoa kabla ya kuingia ndani. Katikati hapakuja kitu. Haujafika hata mwaka, na mimi ni mtoto wake wa pekee, na simkumbuki uso.

Nilimwambia Bi Fresia. Hakunifariji. Aliuliza, "Alikuwa mtu wa rangi gani?" Nikafikiri ananichezea. Kisha nikakumbuka nyumba yetu. Kila boti ilipopakwa rangi, rangi iliyobaki Baba aliipaka nyumba. Ukuta wetu wote ni yeye, mwaka juu ya mwaka.

Naomba kitu kimoja. Nenda upande wa ukuta unaotazama maji, chini kabisa karibu na jiwe la kona, ukwangue kidogo, uniandikie rangi zinafuatana vipi kutoka juu hadi kwenye mbao. Mama asikuone.

Yasna


Quehui, 2 Mei 1993

Yasna,

Umenifanya mwizi katika uzee wangu. Nimekwenda na kisu cha kufungulia kome, nimepiga magoti kwenye tope, na ndipo mama yako akatokea na ndoo.

"Wifi, unaikwangua nini nyumba yangu?"

"Naua wadudu wa mbao," nikasema.

"Kwa magoti?"

"Wadudu wenyewe ni wafupi."

Hakucheka. Alisimama pale, akatazama juu ya kichwa changu kama aliyekuwa akiongea na mtu nyuma yangu, kisha akaondoka na kuigonga ndoo kwenye nguzo ya banda. Nguzo hiyo imesimama hapo tangu aolewe.

Rangi zako ni hizi. Juu kijani, ile ya mwisho. Chini yake nyekundu ya matofali. Chini yake buluu, hiyo uliipaka pamoja naye, ulikuwa na miaka kama saba ukapaka mpaka mbwa. Chini yake kijivu kidogo, kipindi kile hapakuwa na pesa ya rangi ya maana. Kisha njano kali, nene, kisha mbao. Nimekufungia vipande kwenye karatasi hii, ukifungua usipige chafya.

Sasa nisikilize. Mwambie mama yako ukweli, na umwambie wewe, si mimi. Anaongea habari za uso huo kwa kila anayepita. Fremu iko tayari, don Heriberto ameilainisha kwa mikono yake mwenyewe na anaipitisha nyumba kwa nyumba kama mtoto mchanga.

Na usijitese kwa kutokumkumbuka. Mimi nimetoka naye tumbo moja, nikifumba macho namwona mgongo tu, akishuka kuelekea botini. Mgongo naweza kukuchorea hata sasa.

Mama yako simwelewi siku hizi. Jumapili nilivaa koti la mume wangu kwa ajili ya mvua, akanipokea mlangoni, "Karibu, don Heriberto." Nilimtania mchana kutwa. Ni huzuni, nadhani. Huzuni inamtoa mtu akili kidogo kidogo.

Shangazi yako,
Uberlinda


Quehui, 16 Mei 1993

Yasna mwanangu,

Nimesikia kwamba warsha inaisha Julai. Basi usije kwa ajili ya sala za mwaka. Najua unataka kuja. Nakuambia usije. Juni ni mwezi mbaya kwenye maji haya, na mmoja ameshanitosha. Sitaki kukaa hapa mlangoni nikitazama boti na wewe umo ndani.

Utume tu uso. Ukunje taratibu, uupe basi la kwenda mjini Castro, na kijana wa boti ataufikisha.

Chakula kimepangwa. Kondoo wawili, na wanawake watakuja kukwaruza viazi vya mikate ya milcao siku moja kabla. Kila kitu kipo. Anasubiriwa yeye tu.

Usiniandikie barua ndefu. Uberlinda anasoma vibaya, anaruka maneno anapofika mahali pa kulia.

Mama yako,
Orfelina


Valparaíso, 29 Mei 1993

Mama mpendwa,

Ndani ya bomba hili la karatasi kuna turubai. Ukifungua, ilaze mezani kwanza siku nzima na uweke vitabu pembeni ili inyooke, halafu ndipo don Heriberto aipigilie kwenye fremu. Upande wenye alama ya msalaba nyuma ndio wa juu.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nilitaka kukueleza jambo kuhusu picha na sijui namna. Sijui kama utampata humo. Nimefanya kila nilichoweza, Mama. Nimeweka rangi zake, zile alizotupakia, kwa mpangilio wake mwenyewe. Bi Fresia alisimama mbele ya kazi hii siku nilipoimaliza akanishika mkono wenye kisu akasema, "Basi. Ukiendelea utatoboa." Kwake hayo ni maneno makubwa.

Nitawasha mshumaa huku siku zote tisa.

Nisamehe kama sivyo ulivyotaka.

Yasna


Quehui, 9 Juni 1993

Mwanangu Yasna,

Umefika! Na kijana wa boti aliubeba juu ya kichwa ili usilowe.

Niliilaza mezani kama ulivyosema. Don Heriberto alituma fremu kwa mjukuu wake, na nimeipigilia mwenyewe, nikapiga kidole mara mbili, lakini imekaa. Imetundikwa juu ya meza ya mishumaa na hakuna aliyeiona bado. Nimeifunika kwa shali yangu nyeusi. Siku ya mwisho ya sala nitaifunua mbele ya wote.

Umempata, Yasna. Sikujua kama mikono yako inaweza jambo kama hilo. Umempata hasa. Ile pembeni ya mdomo, uliikumbuka! Na macho. Asubuhi naifunua kidogo nikiwa peke yangu na kahawa yangu, namwambia habari za kuku na za Uberlinda, halafu naifunika tena. Nilikuwa na hofu ambayo sikukuambia, kwamba angetoka mtu mwingine, na ningelazimika kusema asante kwa uso wa mtu mwingine.

Mungu akubariki mikono.

Mama yako,
Orfelina


Valparaíso, 16 Juni 1993

Shangazi,

Nimepata barua ya Mama na nimeisoma mpaka imechakaa. Tafadhali niambie kuna nini.

Katika turubai ile hakuna mdomo, wala macho. Pembeni kote kuna rangi za nyumba, kijani, nyekundu, buluu, kijivu, na njano chini yake inatokeza hapa na pale. Katikati ndipo nilipojaribu uso. Niliuchora nikaukwangua, nikauchora tena nikaukwangua, wiki hadi wiki, mpaka nikafika kwenye kitambaa chenyewe. Katikati hakuna kitu, Shangazi. Ni kitambaa kitupu, kikubwa kama sahani. Nilituma hivyo kwa sababu hiyo ndiyo kweli pekee niliyokuwa nayo, na nilikosa ujasiri wa kuiandika.

Na Mama anaandika kwamba nimekumbuka pembeni ya mdomo.

Je, ananihurumia? Au ananiadhibu? Mama hajawahi kuongea kwa mafumbo. Nilimwonyesha don Aliro barua, kwa vile sina mtu mwingine hapa, akasoma akavua miwani akasema, "Mtoto, rudi nyumbani ukamwangalie mama yako." Hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo limenitisha.

Yasna


Quehui, 20 Juni 1993

Yasna,

Kaa chini. Sijapata barua kutoka kwako, na kama umeandika iko njiani, lakini hili haliwezi kusubiri boti nyingine. Mama yako hajui kwamba naandika. Au anajua. Siku hizi siwezi kusema anaona nini na haoni nini, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Siku ya tisa nyumba ilijaa. Wengine walisimama nje kwenye mvua wakiwa na sahani zao. Don Heriberto alimaliza sala ya mwisho, sauti imemkauka, na mama yako akasimama na nguo yake nyeusi iliyopigwa pasi, akaenda mezani, akavuta shali.

Mimi nilijua. Nilijua hakuna uso kwa sababu uliniambia, na nilikuwa nimeshika rozari yangu nikimwomba kaka yangu afanye chochote, hata azime mishumaa. Watu waliinamisha vichwa upande huu na upande ule. Mtoto mmoja akasema, "Yuko wapi?" Mama yake akamfinya.

Mama yako akageuka akatutazama, anatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu mwaka jana. "Mnamwona?" akauliza. "Ndiye, siyo?"

Basi don Heriberto, unamjua, hawezi kudanganya hata kuhusu bei ya kondoo, akasema kwa upole wote alionao, "Doña Orfelina, rangi ni nzuri. Lakini binti ameacha katikati wazi. Pana shimo hapa."

"Shimo gani?"

"Hapa katikati, mama. Hakuna kitu."

Na mama yako akasema, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "Shimo ni langu hilo, don Heriberto. Kila kitu kina shimo katikati. Hata wewe unalo sasa hivi."

Yasna, kila mtu mle ndani alielewa mara moja habari ya macho yake, na yeye akaelewa kwamba tumeelewa, na mwisho kabisa akaelewa lile lingine, kwamba kwenye turubai pana shimo kweli. Aligeuka akarudi kwenye turubai. Akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya rangi nene mpaka ukafika pale katikati kwenye kitambaa, ukasimama. Akapapasa pale muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe."

Hilo tu. Akatuambia tule, nyama inapoa.

Tulipobaki wawili nilimbana mpaka akasema. Ilianza Septemba. Muuguzi wa zahanati alimpa barua ya kwenda kwa daktari wa macho mjini Castro, na daktari akasema katikati ya macho yote mawili panakufa, pembeni patabaki, na hakuna dawa. Akitazama mtu anaona koti na nywele, usoni pana doa. Hakukuambia kwa sababu ulikuwa umepata nafasi ya kwenda na usingekwenda. Miwani haikupotea kamwe, iko kwenye droo. Na mimi ndiye niliyemcheka kwa ajili ya koti la mume wangu.

"Nilifikiri yupo pale," aliniambia. "Nilifikiri Yasna amemchora, na mimi ndiye nisiyeweza kumwona. Kwa hiyo nilimweka mwenyewe."

Nimehamia hapa kwa sasa. Nalala kitandani kwako, kina bonde katikati, sijui ulikuwa unalala vipi.

Shangazi yako,
Uberlinda


Valparaíso, 28 Juni 1993

Mama mpendwa,

Shangazi ameniandikia. Usimkasirikie.

Nitaandika kwa herufi kubwa ingawa najua atakusomea yeye. Shangazi, usiruke neno.

Warsha hii haikuwa ya kuchora nyuso. Nilijua tangu siku ya kwanza na sikukuambia. Nilijaribu uso wa Baba kwa maneno yako na kwa kumbukumbu yangu, na sikuupata, kwa sababu nimeusahau, Mama. Ndilo jambo nililoshindwa kuandika. Siyo kwamba sijui kuchora. Nimeusahau. Nilikwangua mpaka kitambaani nikitumaini labda yuko chini, kama rangi za ukutani zilivyo chini.

Kisha ukaniandikia kwamba nimempata, na kwa siku moja, kabla sijaogopa, nilifurahi.

Bi Fresia anasema naweza kuondoka hata kesho, kazi yangu imekwisha. Sema neno nami nitapanda basi. Au ukitaka nitaijaza ile sehemu ya katikati. Kuna mtu hapa anayefundisha nyuso, nitajifunza kweli safari hii.

Binti yako,
Yasna


Quehui, 4 Julai 1993

Yasna,

Naandika mwenyewe. Mistari ikipandana, sasa unajua sababu, basi isome hivyo hivyo.

Nilikasirika. Nisikufiche. Siku zile nane kabla ya kuifunua mbele ya watu nilikuwa naye pale ukutani, kila asubuhi, na mdomo wake na macho yake. Waliponiambia hapana kitu nilirudi kumtafuta na hakuwepo. Nilimpoteza mara ya pili, na mara hii kwenye sebule yangu mwenyewe, mbele ya watu wenye sahani. Nilitaka kuishusha. Uberlinda alikuwa ameshaleta koleo.

Wewe ulinificha na mimi nilikuficha. Hilo tuliache. Kuhusu kusahau, mwanangu, wewe uliandika kwanza, lakini mimi nilianza kabla yako. Yale niliyokuandikia Machi, paji pana na pua ya kawaida, nilikuwa nayabuni. Kila jioni nilimkusanya, na kila jioni alitoka mtu wa aina nyingine. Ndiyo maana nilikutuma.

Sasa sikiliza lililotokea jana. Daktari aliniambia nikitaka kuona kitu nisikitazame chenyewe, nitazame kando yake. Sikutaka kujifunza, niliona aibu, Uberlinda anasema nageuza shingo kama kuku anayeangalia mdudu. Jana mvua ilikatika, jua likaingia sebuleni, nikakaa mbele ya kazi yako na kikombe changu, nikatazama mlangoni. Na kwa pembeni ya jicho ikaja ile njano. Iliyo chini ya zote, kona ya chini, unakumbuka ulipoiacha itokeze.

Yasna, njano ile ni ya mwaka uliozaliwa. Boti ilikuwa mpya. Mimi nilikuwa kitandani na wewe ukiwa na siku chache, mkunga alimfukuza atoke nje kwa sababu alikuwa anazunguka zunguka, na yeye kwa kukosa la kufanya akachukua rangi iliyobaki akaanza kupaka nyumba, kwenye upepo. Nilikuwa nasikia brashi upande wa pili wa ukuta, pale pale kichwani kwangu. Jioni akakohoa mlangoni akaingia. Upepo ulikuwa umemrushia rangi usoni kote. Nyusi zote mbili njano. Matone mpaka kwenye kope za jicho la kushoto, ikabidi alifumbe, na kovu liko juu yake, mwambie Uberlinda ni kushoto. Akainama kukuangalia, anazuia kucheka, pembeni ya mdomo hivi, nawe ukampiga kidole puani, kidole chako kikatoka njano, na hapo akashindwa kujizuia.

Ni uso mzima. Nimeuona wote.

Maliza siku zako huko, uagane na watu vizuri, kisha uje. Usiijaze ile sehemu ya katikati. Nimemaliza karatasi, na naandika haraka kabla baba yako hajaondoka.

Mama yako,
Orfelina